Kopo la Pesa Zilizokufa

"Tantine, pesa ikikufa, banaizikaka wapi?"

Aliyeniuliza hivyo alikuwa binti wa kaka yangu, mtoto wa miaka sita. Nilikuwa nimerudi nyumbani Kilibula, mjini Uvira, na miaka mitatu ya sosholojia kichwani, kutoka chuo kilichofungwa kwa sababu ya vita, na nilikuwa na tabia ya kuwasahihisha watu walionizidi umri mara tatu. Nilikuwa nimeshamsahihisha mchungaji wetu, mkuu wa mtaa tunayemwita chef wa kartie, na mtangazaji wa redio, ambaye kwa bahati yake hakunisikia. Kwa mtoto huyu nilisema tu, "Pesa haifi. Ni namna ya kusema." Akaniangalia kwa ule uvumilivu wa watu waliosimama dirishani mwa ofisi na kuambiwa warudi kesho.

Maana hapa kwetu pesa hufa, na hata mtoto anajua. Ya Mbelgiji ilikufa. Ya uhuru ilikufa ingali changa. Ya mkuu wa kofia ya chui ilikufa na kuzaliwa upya mpaka watu wakaacha kuhudhuria. Kila mara, wale waliosubiri redio ithibitishe habari walikuta mlango wa benki umeshafungwa, wakabaki na magunia ya karatasi zisizofaa hata kuwashia makaa. Waliopona ni wale waliosikia uvumi wakauamini papo hapo bila kuuliza swali. Mimi, niliyefundishwa kuuliza swali kabla ya kusalimia, nilikuwa nimelisahau jambo hilo.

Wakati ninaousimulia ulikuwa wa uasi. Wazazi wangu walikuwa na uasi wao, ule uliofuata uhuru, na mimi nilikuwa nimeshapata maasi mawili ya kwangu. Sokoni hapakuwa na sarafu hata moja. Tulikuwa na noti zilizobandikwa kwa gundi mpaka zikawa nzito kuliko thamani yake, faranga za Burundi zilizovuka mpaka wa Kavimvira, na dola kwa aliye nazo. Mtoto wa miaka sita hakuwahi kununua hata peremende kwa kipande cha chuma. Kwa hiyo ilikuwa busara kabisa kwamba mimi niamue kuanzisha naye mkusanyo wa sarafu.

Wazo lilitoka kwenye jarida la Kifaransa la wazazi, lililokuwa limefungia maandazi. Kurasa tatu zenye mafuta zilieleza kwamba kukusanya sarafu humfundisha mtoto subira, hesabu na mapenzi ya nchi yake. Jarida halikusema nchi ipi wala ya mwaka gani. Liliagiza glavu za pamba, albamu ya plastiki inayoonyesha ndani, na mahali pakavu pasipo na misukosuko. Sisi tulikuwa na kopo la maziwa ya unga. Niliamini kila neno. Nashangaa leo: maandiko matakatifu niliyatilia shaka, lakini karatasi ya maandazi niliipokea kama ufunuo, kwa sababu iliandikwa na daktari wa saikolojia.

Nilikuwa na sababu nyingine pia. Shule zilikuwa zimefungwa, na mtoto alikuwa amenyamaza tangu baba yake aondoke. Kaka yangu alitengeneza injini za boti bandarini Kalundu. Waasi walipoingia mjini walihitaji mafundi wa injini, na hawakuwa na mazoea ya kuuliza kama mafundi nao wanawahitaji. Alivuka ziwa kwenda Kigoma na boti ya mwisho aliyoitengeneza mwenyewe. Mama wa mtoto alikuwa amefariki zamani, hivyo msichana akabaki na mama yangu, aliyemwita koko kama watoto wetu wote wanavyowaita nyanya zao, na mimi.

Kabla ya kuondoka, kaka alimvalisha shingoni sarafu ya mfalme wa Wabelgiji, ile ya zamani kabisa yenye nyota na tundu katikati. Kwetu sarafu hiyo huvalishwa mtoto anayeota meno, ili yasimsumbue. Hii ilikuwa imepita shingo ya baba yangu mdogo, ya kaka, na yangu. Uzi mpya haukupita vizuri, kwa hiyo kaka alilipanua tundu kwa tupa yake ya kazini, akala upande mmoja zaidi ya mwingine, tundu likawa kama yai. Akamwambia binti yake, "Usiitoe mpaka nirudi." Koko alikuwepo, akaitikia kwa kichwa kama shahidi mahakamani.

Mimi niliitoa wiki ya pili.

Sikuitoa kwa nguvu. Nilitumia hoja, ambazo ni mbaya zaidi. Nilimweleza mtoto kwamba chuma hakijui meno, kwamba uzi unabeba uchafu, na kwamba watu wa zamani walifanya mambo haya kwa kukosa maelezo.

"Iko najua papa," akasema.

"Chuma hakimjui mtu. Lakini tukiiweka ndani ya kopo, itakuwa nambari moja. Zote zitakazokuja zitakuwa nyuma yake. Papa akirudi atakuta imekuwa mkubwa wa zingine."

Alifikiri siku mbili. Siku ya tatu akaniletea mwenyewe, uzi ukiwa bado na joto la shingo. Mama alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua kichwa. "Kama itapotea," alisema, "weye njo utamwambia baba yake." Nikamjibu kwamba hakuna mahali salama kuliko mkusanyo wenye utaratibu.

Tukaanza kupita nyumba kwa nyumba na kopo letu. Watu walifurahi kutupa. Kizee mmoja alitoa sarafu za mtende alizokuwa ameziweka chini ya mguu wa kitanda kinachoyumba, akaomba tumletee jiwe badala yake. Mwingine alitoa za chui, nyepesi kama maganda. Tukapata tembo wa shaba, simba wa miaka ya kwanza ya uhuru, na mkuu mwenyewe wa kofia ya chui, akiwa kijana, halafu mnene, halafu mnene zaidi. Nilimfundisha mtoto historia ya nchi kwa kufuata mashavu ya mkuu huyo.

Mama aliziona chafu, akazisugua zote kwa majivu na mchanga. Jarida lilikuwa limekataza jambo hilo kwa herufi nzito. Miaka ikafutika. Wafalme wawili wakawa mmoja.

Mtoto hakupenda kupanga kwa miaka. Alijaza maji ndani ya karai, akawa anazilaza sarafu juu yake kwa ncha za vidole, moja moja, akishikilia pumzi. Chui ilielea. Simba ilizama baada ya kufikiri kidogo. Tembo ilikwenda chini moja kwa moja, na ile ya tundu pia. Ya mtende, ambayo Mbelgiji aliitoa miaka yake ya mwisho, nayo ilielea. Nadhani alikuwa ameanza kubana matumizi kabla ya kufungasha. Mtoto akafanya mafungu mawili: zinazojua kuzama na zisizojua.

Jirani yetu, mama aliyeuza ndagala kavu, dagaa wa ziwa letu, kwenye mkeka mbele ya nyumba yake, alikuja kuangalia.

"Hizi za kuelea ni za nani?"

"Nyingi ni za uhuru," nikasema.

"Njo maana tuliishika tukaona mukono iko mutupu."

Mwanamke huyu alikuwa na akili kuliko walimu wangu wawili nitakaowaacha bila kuwataja. Alikuwa ameshazika pesa za tawala nne. Lakini mkusanyo wetu ulimsumbua, na kila siku alituuliza upya.

"Munakusanya za kufanya nini?"

"Za kumfundisha mtoto, mama."

"Mutoto anajifunza na pesa ya kufa? Na ile ya uzima atajifunza na nani?"

"Ile ya uzima sina."

"Hiyo nakuamini."

Siku moja tulipita mkekani wakiwapo wanawake sita wakichagua ndagala. Akanisimamisha mbele yao. "Weye mwenye kusoma. Usitufiche. Hii pesa ya zamani inarudi?"

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo mtu huhitaji elimu ya juu ili alifanye. Chuoni tulikuwa na namna yetu ya mzaha: unasema upuuzi kwa uso wa mazishi, na anayecheka mwisho ndiye mjinga. Nikakunja uso. "Inarudi kesho kutwa, mama. Gavana ameniambia mwenyewe."

Hakuna aliyecheka. Mmoja wa wale wanawake alifunika beseni lake la ndagala kwa kitenge, akasema amesahau kitu ku nyumba. Wa pili akakumbuka mtoto mgonjwa. Kabla hatujafika kwenye mlango wetu, mkeka ulikuwa umebaki na mwenyewe peke yake, na yeye alikuwa ameshaanza kuukunja.

Kesho yake Kilibula nzima ilikuwa inachimba. Watu walifukua mafiga, walitikisa mito ya marehemu, walipasua pindo za makoti ya babu zao. Siku ya tatu habari ilikuwa imepanda bonde la Ruzizi, maana kijana wa pikipiki alishuka kutoka Luvungi na mfuko wa unga uliojaa makuta, sarafu za mkuu wa kofia ya chui, akauliza nyumba ya mademoiselle wa banki. Nikamwambia hakuna banki. Akatabasamu kwa heshima, akasema atasubiri nje. Baada yake walikuja mzee na mke wake kutoka Lubarika, wametembea na tembo kumi na moja ndani ya kitambaa. Walitaka tu kujua kama zile zilizosuguliwa zitakubaliwa.

Nilikanusha. Nilisimama kwenye robine, bomba la mtaa, wanawake wakiwa kwenye mstari wa maji, nikasema kwa sauti kwamba ulikuwa mzaha, kwamba sijawahi kumwona gavana, kwamba hakuna serikali duniani inayorudisha sarafu ya mfalme aliyekufa.

"Mumesikia?" jirani wa ndagala akawaambia wenzake. "Anakataa. Wenye kujua banakataaka."

"Mama, minye nilikuwa nacheza."

"Ndiyo, mwanangu. Cheza tu. Sisi hatutasema."

Kadiri nilivyokanusha ndivyo bei ilivyopanda. Mimi niliyewahi kuwaharibia watu chakula kwa kudai ushahidi wa kila kitu, nilikuwa nimegeuka kuwa ushahidi wenyewe. Wakati huo niliwaona wajinga. Sasa najua walikuwa wanatumia uzoefu, na uzoefu wao ulikuwa mrefu kuliko vitabu vyangu. Mtu aliyeamini uvumi wa pesa hakuwahi kupata hasara kubwa kuliko aibu. Aliyengoja uthibitisho ndiye alipoteza nyumba.

Kisha likatokea jambo ambalo hata jarida halikulitabiri. Sokoni hapakuwa na chenji, na ghafla kila nyumba ilikuwa na chenji. Jirani yetu alikuwa wa kwanza: simba tano kwa kikombe cha ndagala, tembo moja kwa vikombe viwili, kwa sababu tembo ni mzito. Muuza chumvi akamfuata, na muuza maandazi naye. Kwa majuma karibu matatu, pesa iliyokufa kabla sijazaliwa ilitembea Uvira kwa miguu yake, ikanunua mafuta ya mawese na sabuni, na hakuna aliyeweza kueleza ni serikali gani inayoidhamini. Kwa hiyo watu waliiamini.

"Tantine," mtoto akasema, "imefufuka."

Alikuwa ameanza tena kuzungumza, na mengi. Alijua bei zote. Kopo letu lilikuwa limesimama pale lilipokuwa, kwa kuwa sasa hakuna aliyetoa sarafu bure, lakini yeye hakujali. Kila asubuhi alimwaga zote, akaitafuta ile ya tundu la yai, akaiweka mbele, halafu akazipanga zingine nyuma yake kama wanafunzi kwenye mstari wa bendera. Jirani alitaka kumpa mafungu matatu ya ndagala ili amwuzie. Alikataa.

"Hii haiuzwe. Iko inamungoja papa."

Niliandika kwenye daftari langu kwamba mtoto anaanza kuelewa tofauti ya thamani ya matumizi na thamani ya soko. Mungu anisamehe, kama yupo.

Bila shaka waasi walisikia. Walikuwa na ofisi ya fedha kwenye nyumba ya mfanyabiashara aliyekimbia, yenye meza, mhuri mpya, na chef kijana wa miwani myeusi ambaye hakuwa na fedha ya kuiongoza. Sasa imetokea pesa mjini ambayo yeye hana. Mtu na kipaza sauti akapita: sarafu zote za tawala zilizopita zipelekwe ofisini zikalindwe. Neno lilikuwa hilo, zikalindwe. Watu wakaelewa mara moja, wakaanza kuzifukia tena. Ndipo maajenti wakatumwa nyumba kwa nyumba, na wakaanzia kwetu.

Walikuja wawili, asubuhi, mama akiwa anawasha makaa.

"Hapa njo ku banki?"

"Hapa ni ku jikoni," mama akasema.

Kopo lilikuwa katikati ya mkeka, na mtoto amekaa mbele yake. Ajenti mmoja alichuchumaa. Hakuwa mbaya, alikuwa na umri wangu, na alionekana mtu aliyewahi kuwa na wadogo zake. "Nipe, petite. Tunaenda kuilinda."

Mtoto akaniangalia mimi. Alikuwa anangoja hoja. Nilikuwa nazo nyingi kwa mchungaji na kwa koko. Mbele ya bunduki iliyolala mapajani mwa kijana yule sikuwa nayo hata moja. Nikasema, "Mpe."

Akampa. Halafu akamwuliza ajenti, "Munaenda kuizika wapi?"

Kijana naye akaniangalia mimi, kana kwamba ningejua.

Baada ya hapo mtoto hakusema nami siku nne. Alisema neno moja tu, siku ya kwanza, akishika shingo yake: "Ungeniachia hapa, hawangeiona." Ilikuwa kweli. Wale maajenti walipita nyumba zote za Kilibula wakakusanya kila kipande cha chuma chenye sura ya mtu au mnyama, na hawakugusa uzi hata mmoja shingoni mwa mtoto yeyote. Wao pia walikuwa wamevalishwa utotoni.

Mama naye alizungumza nami kupitia kwa mtu wa tatu. "Mwambie tantine yako maji ya kuoga yanapoa." Na mtoto hakuniambia, kwa hiyo nilioga ya baridi.

Siku ya tano nilienda ofisini. Nilivaa sketi ya chuoni na kuchukua kadi ya mwanafunzi iliyokwisha muda. Chef wa miwani myeusi alinipa kiti.

"Mademoiselle wa banki."

"Sina banki, monsieur le chef. Nimekuja kuomba sarafu moja. Ina tundu. Tundu lake limeharibika upande."

"Moja? Watu wanakuja kuomba magunia."

"Moja tu. Ni ya mtoto."

"Ina thamani gani?"

"Haina."

"Basi kwa nini musomi mzima anatoka Kilibula kuja kuililia?"

Nikajikuta nasema yale yote. Kwamba huvalishwa shingoni. Kwamba husaidia meno. Kwamba ilitoka kwa baba yake, na aliambiwa asiitoe. Niliyasema kwa bidii, kama mtu anayetetea tasnifu, huku nikisikia ndani yangu yule msichana niliyekuwa majuma machache nyuma akicheka.

"Mutoto iko na miaka ngapi?"

"Sita."

"Meno si yalishaota?"

"Sasa yanang'oka," nikasema.

Alicheka mpaka akavua miwani. Macho yake yalikuwa ya mtu asiyelala. Halafu akasema magunia yameshaondoka, yeye hajui yameenda wapi, hiyo ni kazi ya wakubwa. Lakini kwa kuwa ni ofisi ya utaratibu, alinipa risiti yenye mhuri: metali mbalimbali, kilo moja na nusu. Nilirudi nayo nyumbani, nikampa mtoto kwa sababu sikuwa na kingine cha kumpa. Alikuwa hajui kusoma. Aliigeuza, akatafuta tundu, akanirudishia.

Pesa ikafa tena, mara ya pili, na safari hii hakuna aliyelia. "Minye nililaka sabuni ya bure majuma matatu," jirani alisema, akitandaza mkeka wake. Hakuninunia hata kidogo. Aliniambia siku nyingine nikisikia kitu nimwambie yeye kwanza, kabla ya wale wanawake wengine.

Miezi ikapita. Wavuvi walioleta chumvi kutoka upande wa Kigoma wakatuletea pia neno la kaka: anarudi, waliomtafuta wamehamishwa. Mama alifunga kitenge kipya, akasema anaenda kununua sufuria, ya zamani imetoboka na mtu hampokei mwanawe kwa sufuria iliyotoboka. Alimchukua mtoto. Mimi sikualikwa. Sikuwahi kualikwa kwenye mambo ya jikoni. Tangu nikiwa msichana nilikuwa na maoni kuhusu kazi za wanawake, na nilipopika mara moja ili kuthibitisha kwamba naweza, nilithibitisha kinyume. Waliondoka asubuhi, wakarudi jua likiwa limeshapita kati, wamechoka, na sufuria ya kusubu, ya metali iliyoyeyushwa na mafundi wa hapa hapa, nzito, ya kijivu, yenye mfuniko na kishikio cha mti. Nilisema wangepata ya kiwandani kwa bei hiyo hiyo na kwa nusu ya muda. Mama alisema, "Ndiyo."

Kaka alifika amekonda na amefuga ndevu. Mtoto alimkimbilia, halafu akasimama hatua mbili kabla hajamfikia, akashika shingo. Kaka akainama, akapitisha kidole pale uzi ulipokuwa ukikaa.

"Iko wapi?"

Nilikuwa nimeandaa maelezo kwa miezi. Nilikuwa nayo kwa mpangilio: utangulizi, mazingira ya kisiasa, sehemu yangu ya kosa. Nikafungua mdomo. Mama akanitangulia, akiwa ameinama juu ya makaa.

"Iko hapa hapa nyumbani," alisema. "Kula kwanza."

Na mtoto akaitikia kwa kichwa, "Iko hapa, papa," kwa uso mkavu kabisa.

Kaka akaketi akala. Hakuuliza tena, wala siku hiyo wala baadaye, na mimi nikafunga mdomo wangu kwa shukrani na kwa dharau. Kwa shukrani, kwa kuwa nilikuwa nimeokoka. Kwa dharau, kwa kuwa hivi ndivyo, nilijiambia, uongo wa wazee unavyorithishwa: mtoto wa miaka sita ameshafundishwa kudanganya bila kupepesa. Niliandika hata ukurasa mzima kuhusu jambo hilo.

Kitu kimoja kingine nilikiona nikakieleza vibaya. Tangu siku zile mtoto alipata tabia ya kufunua sufuria. Chakula kimeiva hakijaiva, yeye alikuwa pale, anainua mfuniko, anauangalia upande wa chini, anaurudisha. Mama, ambaye angempiga kofi mtu mwingine yeyote kwa kuupoteza mvuke, hakumwambia kitu. Mimi nilidhani ni ulafi wa mtoto aliyeonja njaa.

Miaka mingi baadaye, msichana akiwa sekondari Bukavu na mama akiwa haendi mbali kwa sababu ya magoti, kishikio cha ule mfuniko kililegea. Hapakuwa na mtu mwingine wa kutuma, nikakabidhiwa mimi. Fundi alikuwa yule yule aliyewauzia sufuria, karibu na daraja la Mulongwe, kipofu kidogo sasa. Aliugeuza mfuniko juu ya magoti yake, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliangalia sufuria yetu upande wa ndani. Chini ya kichwa cha msumari, kukizuia kisipenye kwenye mfuniko, palikuwa na rondeli: kipande cha duara, cheusi kwa mvuke, chenye nyota. Tundu lake lilikuwa kubwa kuliko msumari, na limeliwa upande mmoja.

Nilimwuliza aliitoa wapi. Akasema mwaka ule ofisi moja iliwauzia wasubuji magunia ya pesa ya zamani kwa kilo. Zile nyepesi ziliyeyuka vizuri, simba, chui, mitende yote. Hii sufuria yenyewe ni hizo. Zile za tundu zilikataa moto, wakazitumia kwenye mifuniko, zilikuwa rondeli nzuri kuliko za dukani.

Halafu akasema anaukumbuka mfuniko huu, kwa sababu ya mama mmoja aliyekuja na mjukuu wake. Walikuwa wamesikia pesa imeishia kwake. Walikaa hapo tangu asubuhi, wakageuza mifuniko yote aliyokuwa nayo, mmoja baada ya mwingine, mpaka mtoto akaweka kidole kwenye mmoja. Yeye fundi akataka kung'oa msumari awape chuma chao. Yule mama akakataa.

"Alisema iache pale pale," fundi akaniambia, akitafuta nyundo. "Alisema waasi hawafunuake sufuria ya muntu masikini, na tantine ya mutoto hapikake."